Sarafu ya Mtoto wa Tatu

Dada yangu alipotuambia kwamba ana mimba tena, mama hakumpongeza. Aliteremsha sufuria ya maharage, akaifunika, halafu akanigeukia mimi wala si dada.

"Papa," akasema, "tafuta ile sarafu."

Kwetu mama humwita mwanawe wa kiume papa, yaani baba, hata kama mwana huyo ni kijana wa miaka kumi na tisa asiyeweza kuagiza chakula bila kutokwa jasho. Nilijua anasema sarafu gani. Dada naye alijua, ndiyo maana alijibu haraka haraka kwa Kiingereza kwamba hataki habari za kule mlimani ndani ya nyumba yake. Mama hakuelewa Kiingereza, au alijifanya haelewi. Alirudisha sufuria motoni.

Tulikuwa katika mwaka wa tatu Amerika. Tuliishi Okolona, kusini mwa Louisville, mimi, mama, dada na shemeji, katika nyumba ya chini ya jengo la matofali, karibu na maghala ambako sote isipokuwa mama tulifanya kazi. Kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi kwenye mkanda unaotembea. Niliipenda kwa sababu maboksi hayakuulizi kitu.

Niseme kwanza habari ya sarafu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Bibi yangu, mama yake mama, aliishi kwenye milima ya Kivu ya Kusini. Baba mkwe wake alikuwa amevuka ziwa zamani sana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Waingereza, akarudi na mfuko wa sarafu za fedha. Upande mmoja zilikuwa na kichwa cha mfalme wao wa wakati ule, mwenye ndevu na taji. Upande wa pili kulikuwa na simba amesimama mbele ya milima. Mfuko huo uliishia mikononi mwa bibi. Kila alipozaa, alitoa sarafu moja, akaitoboa juu kidogo ya taji la mfalme kwa msumari na nyundo, kisha akakata ukingo wake kwa tupa: mkato mmoja kwa mtoto wa kwanza, miwili kwa wa pili, mitatu kwa wa tatu. Sarafu ilifungwa kiunoni mwa mtoto kwa uzi. Siku mtoto alipotembea mwenyewe ilifunguliwa, ikawekwa kwenye kibuyu mpaka mtoto awe mtu mzima wa kupewa. Mtoto akifa kabla ya kutembea, alizikwa nayo.

Bibi alikuwa Mkristo wa kufunga na kuomba. Mchungaji alimwambia aache mambo hayo, na kweli aliacha mengi. Hili hakuliacha.

Mama alikuwa mtoto wa nne. Sarafu yake aliiuza kwenye kambi ya wakimbizi kununua dawa ya mtoto wa kwanza wa dada. Wakati huo bibi alikuwa amekwisha kufa na kibuyu na mfuko vilikuwa vimeungua pamoja na nyumba, kwa hiyo mtoto huyo hakuwa na sarafu yake, na sarafu ya mtu haivaliwi na mtu mwingine. Aliishi siku kumi na tisa. Mama hakuwahi kusema kwamba alikufa kwa sababu hiyo. Hakuwahi kusema pia kwamba hakufa kwa sababu hiyo.

Sasa mtoto mwingine alikuwa njiani, na mama alitaka sarafu iwepo kabla hajazaliwa.

Nilianzia kwenye soko la Jumamosi, ndani ya ukumbi mkubwa ambamo watu waliuza bunduki za zamani, sahani na wanasesere. Mwishoni kabisa alikaa mzee mmoja Mmarekani mwenye meza ya sarafu na kioo cha kukuzia alichokifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilipita mbele yake mara nne. Mara ya tano akaniambia, bila kuinua macho, kwamba viatu vyangu vinalia na amechoka kuvisikia vikipita, kwa hiyo niseme ninachotaka. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu: mfalme, ndevu, simba, Afrika. Akatoa sanduku, akapekua, akaniwekea mkononi.

Alikuwa yeye. Mfalme mwenye ndevu akitazama kushoto, na nyuma simba na milima. Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Mama hakuitazama. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigonga kwenye kikombe cha chai, akasogeza sikio.

"Haiko hii," akasema.

"Mfalme ni yule yule, mama. Na simba."

"Sura iko yenyewe. Lakini sikia. Inakohoa." Akaigonga tena. "Ya mama ilikuwa inalia mpaka unaisikia kwenye meno. Na ilikuwa nzito. Bon, endelea kutafuta."

Niliendelea. Kila Jumamosi yule mzee alinitolea mfalme mwingine, na kila Jumamosi mama aligonga kikombe na kutikisa kichwa. Zile alizozikataa sikuzirudisha. Nilizitia kwenye kopo la biskuti, na kabla sijajua nimekuwa mtu wa kukusanya. Nilijifunza kwamba kwenye uso wa mfalme ndevu ndizo huisha mapema, kisha nyusi, kisha sikio. Nilikuwa na mmoja ambaye hakubakiwa na kitu ila umbo la kichwa, kama mtu anayekuangalia kutoka nyuma ya pazia. Huyo nilimweka chini kabisa ndani ya kopo, na kila nilipofungua nilimkuta juu. Nilijiambia ni kwa sababu mimi mwenyewe hulitikisa kopo ninapolifungua.

Dada alinicheka. Aliniita mzee wa makopo. Siku moja, mchana, aliingia chumbani kwangu kutafuta chaja akanikuta nimezipanga zote kumi na moja kitandani. Akasimama na mkono tumboni.

"Juu ya nini zote zinaangalia huko?" akauliza.

Nilimwambia kwamba ndivyo zilivyotengenezwa, mfalme huyo hutazama kushoto siku zote. Ilikuwa kweli. Lakini nilipofuata macho ya wale wafalme kumi na mmoja niliona kwamba ukuta waliokuwa wakiutazama ndio uliotenganisha chumba changu na chake. Dada aliondoka bila chaja. Baada ya hapo hakunicheka tena, wala hakukataa tena habari za mlimani. Alianza kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimepata.

Mama akaona nimetafuta vya kutosha kwa kubahatisha, akanituma Columbus kwa mama mdogo, ili niione sarafu ya kweli kwa macho yangu. Mama mdogo ni mtoto wa tano, wa mwisho, na yake anayo mpaka leo. Nilipata nafasi kwenye gari la watu wa kanisa waliokuwa wakienda harusi.

Mama mdogo alifanya kazi ya kutunza wazee na alikuwa na kawaida ya kumshika kila mtu kwenye kiwiko, kana kwamba unataka kuanguka. Alinishika hivyo mpaka jikoni, akanikalisha, akaniambia nifumbe macho na nitoe mkono.

"Soma."

"Nisome nini?"

"Kwa ukucha, wewe. Hatusomi ile kwa macho. Nyumba ya bibi yako ilikuwa giza."

Nilipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo. Uliteleza, ukanasa. Ukateleza, ukanasa. Mara tano. Kisha nikafumbua macho. Ilikuwa nzito kweli, nene kuliko zangu zote, na alipoigonga kwenye sinki niliisikia kwenye meno kama mama alivyosema, na ikaendelea kulia baada ya mimi kudhani imenyamaza.

Nilipiga picha pande zote mbili. Mama mdogo akaifunga tena kwenye kitambaa.

"Tuko watano," akasema. "Mjomba wako wa Buffalo njo wa kwanza. Wa pili alibaki kule, yeye na sarafu yake, hatujui. Mama yako ameuza yake. Mimi niko na yangu."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu alikwenda nayo. Mutoto mwanamuke. Mimi sikumuona, nilikuwa sijazaliwa. Alikuwa anasimama tayari, anashika kiti, anaachilia, anashika. Wote wanangojea atembee. Basi homa." Akanishika kiwiko ingawa nilikuwa nimekaa. "Angalia tu usiokote yenye imeshavaliwa. Unasikia? Tafuta mupya."

Nikaitika. Sarafu ya karibu miaka mia ingewezaje kuwa mpya, sikumwuliza.

Yule mzee wa soko alipoona picha alinyanyua kioo chake na kukaa nacho muda mrefu. Akanieleza polepole, akinionyesha kwa vidole. Hizi nilizokuwa nikinunua ni shilingi, zenye fedha kidogo ndani. Ile ya mama mdogo inaitwa florini. Ni ya mfalme yule yule na simba yule yule, lakini yenye fedha mara mbili. Serikali ya Waingereza ilizitoa kwa muda mfupi, ikabadili mawazo, ikazikusanya na kuziyeyusha. Zilizobaki ni chache, na nzima zina bei ya kukufanya urudishe mkono mfukoni. Kisha akagusa tundu lililo juu ya taji kwenye picha, akakunja uso. Iliyotobolewa, akasema, imeharibiwa. Anayekusanya hutaka ile ambayo haikuguswa na mtu. Zenye matundu hutupwa kwenye sinia la takataka. Kama hilo halinisumbui, kuna mwuzaji wa Buffalo mwenye masinia mengi ya namna hiyo, na huwa na meza kwenye maonyesho ya sarafu huko Amherst.

Halikunisumbua. Nilifurahi hata onyo la mama mdogo likanitoka kichwani. Niliona kwamba kitu ambacho wengine hawakitaki ndicho hasa ninachokitaka mimi.

Buffalo nilifika theluji ikiwa imelala magotini. Mjomba alinipokea kituo cha basi amevaa makoti mawili.

"Bon, mutu wa Kentucky," akasema. "Hauna hata kofia? Mama yako amekutuma ufe huku tukuzike sisi?"

"Nimeisahau kwenye basi, mjomba."

"Kofia umesahau, makopo ya wafalme hausahau." Akavua skafu ya shingoni mwake akanifunga kichwani kama mwanamke, akanicheka njia nzima.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, alinipeleka Amherst. Ukumbi ulikuwa wa hoteli, wenye zulia zito lisilotoa sauti. Wanaume wengi, karibu wote wazee, walikuwa wameinama juu ya meza bila kusema, kila mmoja na taa yake ndogo. Mwuzaji tuliyeambiwa alikuwa kwenye kona. Nilimwonyesha picha. Akasukuma sinia mbele yangu, akasema zimetoka katika nyumba moja ya Lackawanna, mji wa kiwanda cha chuma kilichofungwa. Mwenye nyumba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, hakuwa na mke wala mtoto, na alipokufa walikuta chumba chake cha chini ya ardhi kimejaa sarafu za nchi ambazo hakuwahi kufika.

Kila sarafu ilikuwa ndani ya karatasi ngumu ya mraba yenye dirisha la plastiki, imebanwa pembeni kwa pini. Ndivyo wanavyozihifadhi. Unaona uso tu, ukingo wote umefichwa. Nilipekua mpaka vidole vikafa ganzi, maana zilikuwa baridi kuliko hewa ya ukumbi. Na chini kabisa nikamwona mfalme, ndevu zake zote, nyusi zake zote, na juu ya taji lake tundu safi la msumari. Upande wa pili, chini ya simba, neno la florini. Mwuzaji aliniuzia kwa bei ya takataka.

Ndani ya gari mjomba aliniambia nimefanya kazi ya mwanaume. Tuliimba wimbo wa kanisa mpaka kwake.

Jikoni, mkewe akiwa kazini, mjomba alichukua kisu akang'oa pini moja moja. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Karatasi ilifunguka, sarafu ikaanguka kiganjani mwake, na kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna, akapitisha ukucha kwenye ukingo.

Ukanasa. Akacheka kidogo. "Waliharibu," akasema. Ukanasa tena. Hakucheka. Ukanasa mara ya tatu, kisha ukateleza ukingo mzima mpaka ulipoanzia.

Aliiweka mezani. Akaenda kwenye sinki akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akanawa tena.

"Mjomba?"

"Nilikuwa na miaka saba," akasema akiangalia dirisha. "Mimi njo nilimushika mama mkono. Nilimuona anafunga ule uzi upya kwa sababu ulikuwa umelegea, mutoto alikuwa amekonda. Nilimuona anafunga. Nikaona udongo."

"Labda mtu mwingine pia alikata mikato mitatu."

Akachukua yake mwenyewe kutoka ndani ya Biblia, akaiweka pembeni ya ile. Mkato wake mmoja ulikuwa umeinama kidogo upande mmoja, kwa sababu tupa ya bibi ilikuwa imevunjika ncha. Mikato yote mitatu ilikuwa imeinama vile vile.

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Mwishowe mjomba alisema udongo wa kule hautulii, mvua kubwa ikija kilima kizima kinashuka, miti, mazizi, makaburi. Mtu anaokota kitu bondeni, anauza mjini, mtu wa mjini anauza kwa gunia. Alieleza vizuri na nilimwamini. Ila nilipomwuliza nifanye nini aliisukuma sarafu upande wangu.

"Mama yako anataka sarafu. Mutoto iko karibu kuzaliwa. Donc, wewe njo umeinunua, wewe njo utajua. Mimi usiniulize."

Nilirudi kwa basi la alfajiri. Sarafu niliivaa chini ya shati, kwenye uzi, nikiogopa kuibiwa. Nilingoja ipate joto la mwili wangu. Tulipita ziwa, tukapita miji, jua likawaka juu ya theluji mpaka macho yakauma, nayo ilikuwa bado baridi kama nilipoitoa kwenye sinia. Tuliposimama Columbus dereva alipita akihesabu watu kabla ya kuondoka. Alifika nyuma, akatazama karatasi yake, akarudi mbele akahesabu tena. Mara ya tatu alisimama karibu na kiti changu, akaangalia kiti kitupu kilichokuwa kando yangu, akaandika kitu, akaenda zake. Watu hukosea kuhesabu. Mimi mwenyewe hukosea ghalani kila siku.

Nyumbani nilisema sijapata.

Mama hakulaumu. Alisema tu kwamba zimebaki wiki tatu. Dada alikuwa mkubwa sasa, anatembea akishika ukuta. Mume wake alikuwa ameweka kitanda kidogo cha mbao karibu na dirisha, na dada alikuwa hapitishi macho hapo. Usiku na mchana nilifikiri jambo moja: kila kitu cha sarafu ile kilikuwa sawa ila mikato mitatu. Uzito ulikuwa sawa, sauti ilikuwa sawa. Mikato ikiondoka, itakuwa sarafu tu. Nitaikata mkato mmoja mpya, wa mtoto wa kwanza aliyezaliwa Amerika, na hakuna atakayejua isipokuwa mjomba, ambaye alisema nisimwulize.

Niliazima tupa kwa fundi wa ghala. Wakati wa mapumziko ya mchana nilitoka nyuma, kati ya makontena mawili, nikakaa kwenye paleti ya mbao ya kupangia mizigo. Nilibana sarafu kwa vidole vya mkono wa kushoto nikaweka tupa kwenye mkato wa kwanza. Nilipitisha mara moja tu.

Haikulia kama chuma kinavyolia kwenye tupa. Ililia ile sauti ya kwenye sinki la mama mdogo, ndefu, nyembamba, ikaingia kwenye meno na kukaa humo. Niliifumbata ili inyamaze, na ikiwa ndani ya ngumi yangu simu ikaita. Alikuwa shemeji. Alisema wako hospitali. Dada amehisi mtoto hachezi, ametulia kabisa, wamemlaza.

Sikumbuki nilivyomuaga msimamizi. Nakumbuka kwamba nilifika hospitali na tupa ya fundi mfukoni.

Dada alikuwa amelala kwa ubavu, mkanda wa mashine umezunguka tumbo lake, uso wake umeelekea ukutani. Mashine ilikuwa ikitoa mlio wa moyo wa mtoto, haraka haraka. Muuguzi alisema moyo uko sawa, mtoto alikuwa kimya kwa nusu saa lakini sasa amerudi kucheza, watamwangalia tu. Mama alikuwa kwenye kiti, ameshika Biblia bila kuifungua.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kanisani nikiombwa kusoma mstari mmoja natafuta mahali pa kujificha. Lakini nilisimama pale miguuni pa kitanda nikasema yote: sinia, Lackawanna, ukucha wa mjomba, tupa. Nilipomaliza niliitoa sarafu mfukoni nikampa mama.

Aliisoma kwa ukucha akiwa amefumba macho. Alipofika kwenye mkato wa kwanza, ambapo tupa yangu iliacha mng'aro, kidole kilisimama.

"Umemukwaruza," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Mama yangu alikuwa anamuita wakati analima. Alishaniambia. Miaka mingi baadaye, mimi nimezaliwa, nimekua, bado anamuita aje, anasema, 'Kuya, kuya, achilia kiti.'" Akaigeuza. Hakuwa analia. "Haiwezi kuvaliwa na mutoto mwingine. Ni ya mwenyewe. Papa, hata kama haiko ingine, haiwezi."

"Basi hakuna," nikasema. "Siku zimekwisha, mama. Sitapata nyingine."

Hapo dada akageuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya tumbo na waya. Alisema kwa Kiswahili, na kwa miaka miwili nilikuwa sijamsikia akimjibu mama kwa Kiswahili.

"Ile inafunguliwa siku gani?"

"Siku mutoto anatembea," mama akasema.

"Yeye alitembea?"

Mama akaigeuza tena sarafu kiganjani.

"Donc haijamaliza kazi yake," dada akasema. "Lete. Wangu atatembea nayo. Watatembea nayo wote wawili, halafu utaifungua. Wangu wa kwanza nilimuacha aende peke yake. Huyu sitamuacha peke yake, na yule wa bibi pia simuachi."

"Unajua kitu unasema?"

"Sijui, mama. Lete tu."

Mashine iliendelea kupiga. Mama aliangalia mlango, akaniangalia mimi, kana kwamba kuna mtu mzima zaidi angeweza kuingia na kutukataza. Hakuingia mtu. Akainuka, akaiweka sarafu kwenye kiganja cha dada, akamkunja vidole.

Mtoto alizaliwa siku kumi na mbili baadaye, wa kike, akilia vizuri. Mama alimfunga uzi kiunoni kabla hawajamvisha nepi. Manesi waliuliza ni nini, shemeji akasema ni mambo ya kanisa.

Alikuwa mtoto mwema, labda mwema kupita kiasi. Aliweza kukaa saa nzima akicheka na kona ya chumba. Nilipombeba niliona kwamba nikimweka upande wa kulia alikuwa mzito, na nikimweka kushoto alikuwa mwepesi, au ilikuwa ni mkono wangu uliochoka na maboksi. Alipoanza kusimama kwa kushika kochi, akaachilia, akashika, mama aliacha kwenda kwenye kwaya. Alikaa naye siku nzima. Sote tulikuwa tukingoja bila kusema tunangoja nini. Alipata homa mara moja, na siku hizo mbili hakuna aliyekwenda kazini.

Alitembea Jumapili, saa nane mchana, tumetoka kanisani, mimi nikiwa bado na tai. Alikuwa ameshika kochi. Akaachilia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipepea kama wa watoto wote wanaojifunza. Wa kulia ulikuwa umeinuliwa juu, umetulia kabisa, vidole vimekunjwa, kama mtoto anayevushwa barabara. Akapiga hatua moja, mbili, akaenda hivyo mpaka karibu na mlango, hatua saba, hakuyumba hata kidogo. Hapo mkono wa kulia ukashuka wenyewe. Akaanza kuyumba, akaanguka kwa makalio, akatuangalia, akalia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama alipiga magoti, akapandisha gauni la mtoto, akaukata uzi kwa meno. Aliishika ile sarafu kwenye kiganja wazi.

"Pole na safari," akasema. Hakuwa akimtazama mjukuu wake.

Niliigusa. Ilikuwa na joto, joto la mtoto aliyetoka kubebwa. Dada alimnyanyua binti yake, akakagua nyayo zake, mmoja kisha wa pili, akazipangusa kama za mtu aliyetoka mbali. Kisha akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.

Ulikuwa wazi kidogo. Niliufunga. Shemeji alisema ni yeye aliyeuacha alipokuwa akiingiza mifuko ya duka, na huenda ni kweli.